Tanga hadi Bagamoyo kwa jahazi: watu wa Arusha na Moshi tupange ratiba hapa

MtuWaNjiro (Arusha), mleta mada

Wakuu, salaam. Tuko 8, watano Arusha na watatu Moshi. Tunataka kushuka Tanga mwishoni mwa Januari, tukodi jahazi na mabaharia wake, tutembelee magofu na miji ya kale ya pwani tukiwa majini badala ya kukaa barabarani. Likizo ni siku 9. Rasimu:

Jumamosi basi hadi Tanga. Jumapili Tanga, Tongoni, kulala Pangani. Jumatatu Pangani hadi Mji Mkongwe moja kwa moja. Jumatano Bagamoyo na Kaole. Alhamisi Dar. Ijumaa na Jumamosi Kilwa Kisiwani. Jumapili kurudi.

Ikosoeni bila huruma. Yoti hatutaki, tunataka chombo cha tanga cha kwetu.

Foromali (Moshi)

Kilwa ifute kwanza, nitaeleza chini. Ila kosa kubwa la ratiba hii ni kwamba umeanza na Jumamosi. Baharini hakuna Jumamosi. Anza na mwezi, halafu ndiyo uombe likizo.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua: tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti hushuka hadi kama mita 1. Kwa anayeishi mlimani mita 4 ni urefu wa dari tu. Kwa Bagamoyo na Kaole mita hizo ni mamia ya hatua za tope kati ya chombo chako na mji.

Tumia hesabu ya mwezi wa Kiislamu, ndiyo mabaharia watakayokuambia. Siku za bamvua (mwezi 1 hadi 3, na 15 hadi 17) maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Maji mafu, mwezi 8 na mwezi 22, ni kinyume chake: kujaa saa 4, kupwa saa 10. Kila siku inayopita saa husogea mbele, kwa wastani dakika 50, siku za bamvua husogea kidogo zaidi ya nusu saa tu. Hiyo ni ya kupangia. Ya kusafiria soma jedwali la maji la bandari ya Tanga na la Zanzibar, siku kwa siku.

Sasa angalia mlango wa Pangani. Kuna fungu la mchanga mdomoni mwa mto. Chombo huingia saa 2 za mwisho za maji kujaa, basi. Maji yakianza kutoka, mto unasukuma nje, kaskazi (upepo wa msimu huo) inasukuma ndani, mawimbi yanasimama wima na kuvunjika hapo hapo penye kina kidogo. Tanga hadi Pangani ni kama maili 25 za baharini, yaani saa 5 hadi 6 kwa jahazi lenye upepo mzuri. Ukiondoka saa 12 asubuhi unafika saa 5 hadi 6 mchana. Siku ya maji mafu utakuta maji yanatoka, na hutaingia hadi usiku, wakati usiku hapaingiliki. Siku ya bamvua kamili utakuta maji ndiyo kwanza yanajaa, utasubiri nje kwa saa 2 hadi 3 ukitapika.

Siku nzuri ni mwezi 13. Maji yanajaa karibu saa 8 na nusu hadi saa 9 mchana. Unafika, unapunguza tanga, unaingia kati ya saa 7 na saa 8 maji yakikupeleka.

MtuWaNjiro (Arusha)

Nimeelewa. Kwa hiyo Tongoni tunapita saa ngapi?

Foromali (Moshi)

Hupiti. Siku hiyo utakuwa mbele ya Tongoni asubuhi maji yakiwa yamekupwa, na mbele yake ni mikoko na tope. Tongoni nenda siku moja kabla kwa bodaboda au gari, ni kilomita 17 hivi kusini mwa Tanga, barabara ya Pangani.

Bi_Majengo (Moshi)

Naongezea kwa wanaodhani Tongoni ni mawe tu. Pana gofu la msikiti na makaburi yapatayo 40, mengi ya karne ya 14 na 15, na baadhi yana nguzo. Angalia nguzo kwa makini: kuna vishimo vya duara vilivyokuwa vimepachikwa bakuli za kauri kutoka China. Bakuli zimeng'olewa, vishimo vimebaki.

Na ndiyo pwani ambayo São Rafael, meli ya Vasco da Gama, ilikwama kwenye mafungu mwaka 1498. Ilinasuka maji yalipojaa. Mwaka 1499 wakirudi, mabaharia wengi wamekufa kwa ugonjwa na waliobaki hawatoshi meli tatu, wakaichoma moto hapo hapo. Msione aibu kuajiri rubani wa Tanga.

Mkiwa Tanga mjini msikose Raskazone. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka India, watu kama 8,000, lilishuka pale na likarudishwa majini na kikosi cha von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, cha watu kama 1,000. Wengi wa askari wa von Lettow walishushwa kwa treni kutoka Moshi. Kwa hiyo safari ya Moshi kwenda Tanga kwa haraka haikuanza na mabasi. Kisiwa cha Toten kiko ndani ya ghuba yenyewe, kina magofu ya misikiti; mtumbwi wa kukodi unatosha.

SakinaJuu (Arusha)

Swali la mshamba: kwa nini Januari? Julai si ndiyo bahari nzuri, watalii wote wako pwani?

Foromali (Moshi)

Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi kutoka kaskazini-mashariki. Kusi huanza Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, hutoka kusini-mashariki na ina nguvu zaidi. Katikati ni matlai na maleleji, upepo mdogo usio na msimamo. Kutoka Tanga kwenda kusini mwezi Julai ni kubisha (kukata kona kona kinyume cha upepo) njia nzima, na jahazi halipendi kubisha.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau. Mkondo wa bahari kwenye pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi hufika maili 4 kwa saa nje kwenye kina, wakati wa kaskazi hushuka hadi karibu maili 1. Jahazi lenu litakwenda maili 5 kwa saa. Toa 4, mtabaki mnaiangalia Ushongo, kusini kidogo tu mwa Pangani, kutwa nzima.

Ndiyo sababu ya kufuta Kilwa. Dar hadi Kilwa Masoko ni zaidi ya maili 130 za baharini na mkondo uko usoni. Kilwa ianzie Kilwa: nendeni kwa basi mwezi Agosti, mpande chombo kule, mrudi kaskazini na kusi, upepo na mkondo vyote mgongoni.

Bi_Majengo (Moshi)

Na hapo ndipo utaelewa kwa nini Kilwa ilitajirika. Chombo cha Uarabuni au India kiliweza kushuka na kaskazi hadi Kilwa na kurudi na kusi ndani ya msimu mmoja. Sofala (Msumbiji ya leo), kulikokuwa na dhahabu, kulikuwa mbali mno kwa msimu mmoja. Kilwa wakawa wenye mlango. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, enzi za al-Hasan ibn Sulaiman, yule wa kasri la Husuni Kubwa lenye bwawa la pembe nane. Wareno walijenga ngome mwaka 1505. Gereza, yaani ngome, mnaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia Urithi wa Dunia 1981, vikawekwa kwenye orodha ya vilivyo hatarini 2004 hadi 2014.

Atakayekwenda Agosti: kibali hukatwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na kuvuka ni kama kilomita 2 tu. Songo Mnara pangeni kufika maji yakijaa. Yakipwa mtateremka mbali na kupita kwenye mikoko, tope hadi magotini.

Narudi Pangani. Watu wa Arusha na Moshi mnapaswa kufika kwa heshima, maji yale ni ya kwetu. Kikuletwa unaoshuka kutoka upande wa Meru na Ruvu unaotoka upande wa Kilimanjaro vinakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, panapotoka mto Pangani. Udongo wa mashamba ya juu nao unashuka na kuongeza lile fungu la mdomoni. Kila mvua kubwa mkondo wa kupita vyombo unahama. Ramani ya mwaka jana si kitu. Chukueni mvuvi wa pale atangulie na mtumbwi.

Mjini angalieni Boma, milango ya nakshi, na nyumba za mawe zinazobomoka kando ya mto. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani Desemba 1889.

Mzee_Kaloleni (Arusha)

Vijana, mmeongea upepo na magofu, chombo chenyewe hamjakikagua. Ukifika Tanga usianze na bei.

Anza na ngama, pale chini tumboni maji yanapokusanyika. Omba ubao wa chini ufunuliwe. Maji kidogo yapo siku zote, jahazi la mbao linavuja. Muulize baharia amekumba maji lini, kisha keti saa nzima ukinywa kahawa, urudi uangalie yamepanda kiasi gani likiwa limetulia kwenye nanga. Yakipanda kiganja kwa saa moja bila mawimbi, tafuta jingine. Likiinama na upepo, mbao za juu zilizokaushwa na jua la kaskazi nazo zitaingia majini, na kalafati yake (pamba inayojazwa kwenye viungo vya mbao) imekauka. Hapo kuvuja kunakuwa mara dufu.

Uliza limepakwa deheni (mafuta ya kupaka tumbo la chombo) lini. Chombo kilichokaa muda mrefu bila deheni tumboni kimeota chaza na majani, kitakwenda maili 3 badala ya 5, na mahesabu yote ya Foromali kuhusu Pangani yatavunjika.

Pandisha macho. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, kwa kawaida ni miti miwili au mitatu iliyofungwa pamoja. Angalia vifungo. Angalia henza, kamba ya kupandishia foromali, inapopita kwenye kapi juu ya mlingoti. Kamba ikiwa na manyoya hapo, foromali itakuja chini vichwani mwenu. Uliza kama wana tanga la pili, dogo. Tanga la jahazi halina vifungo vya kulipunguza kama la yoti. Upepo ukizidi, unashusha kubwa na kupandisha dogo. Nahodha asiye na tanga dogo ana njia moja tu, kulegeza demani (kamba ya kuongozea tanga) na kuomba Mungu.

Ukikuta vyote vizuri, ndiyo uulize cheti cha TASAC (shirika la uwakala wa meli) cha kubeba abiria, na hesabu maboya ya kuvaa mwenyewe, kwa mkono, moja kwa kila kichwa pamoja na mabaharia. Lililo chini ya magunia usilihesabu.

Kibo_Kwetu (Moshi)

Shikamoo mzee. Mashine je? Tunasikia wengi wanafunga injini ya nje.

Mzee_Kaloleni (Arusha)

Marahaba. Ni vizuri iwepo, hasa kuingia Pangani. Mashine ya nguvu farasi 15 ikiwa wazi kabisa hunywa kama lita 6 kwa saa. Kama upepo utakufa njia nzima ya Tanga hadi Pangani ni saa 6, lita 36. Weka theluthi juu, lita 50 kwa raundi. Petroli ikae tezi (nyuma ya chombo), mbali na jiko, na ichujwe kwa kitambaa kabla ya kumimina. Mashine nyingi huzima kwa maji kwenye petroli, na huzima pale pale penye fungu kwa sababu ndipo chombo kinapotikiswa na uchafu wa chini ya tangi unapopanda.

SakinaJuu (Arusha)

Pangani hadi Mji Mkongwe kwa siku moja inawezekana?

Foromali (Moshi)

Ni kama maili 46 za baharini. Kwa maili 5 kwa saa ni zaidi ya saa 9, bila kuhesabu mkondo. Mkichelewa kidogo mnaingia bandari ya Zanzibar giza, huku boti za abiria zikipishana. Igaweni. Mwezi 14 shindeni Pangani. Mwezi 15 ondokeni saa 11 alfajiri: maji yamejaa karibu saa 10, yanaanza tu kutoka, kaskazi haijaamka, umande, ule upepo wa alfajiri wa kutoka bara, unawasukuma nje, na mwezi mpevu bado uko angani upande wa magharibi unawaangazia fungu. Ukisubiri kupambazuke vizuri, maji yameshapata kasi ya kutoka.

Elekeeni Kendwa, kaskazini mwa Unguja, maili 27 hivi kusini-mashariki. Upepo unapiga ubavuni kushoto, na huo ndio mwendo jahazi linaoupenda kuliko wote. Mtafika kati ya saa 5 na saa 6 mchana, na hilo nimelipanga makusudi: miamba huonekana jua likiwa juu, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Bluu nzito ni kina, kijani ni mchanga wa karibu, kahawia ni mwamba. Jua likiwa usoni rangi zote ni fedha tupu, huoni kitu. Miwani ya jua inayokata mng'ao inasaidia zaidi kuliko GPS, mweke mtu omo (mbele ya chombo) aliyevaa.

Mwezi 16 shukeni Mji Mkongwe, maili kama 26, pwani iko kushoto kwenu na bahari imetulia kwa sababu kisiwa kinakinga.

Bi_Majengo (Moshi)

Mtapita Tumbatu na mtatamani kushuka Makutani kuona magofu. Siku hizo za bamvua maji hukupwa saa 4 na nusu hivi asubuhi, yaani mnapopita ndipo penye miamba mitupu. Mwenye hamu ya Tumbatu apange mwezi 8 au 22.

Mji Mkongwe mna siku za kutosha, msikimbie. Uko Urithi wa Dunia tangu 2000. Ukiwa majini ndiyo unausoma vizuri: ulijengwa uangaliwe kutoka baharini. Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) ya 1883 ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote mbele ya Forodhani; sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Ngome Kongwe pembeni ni ya Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Agosti 27, 1896 manowari za Waingereza zilipiga mabomu kasri kwa muda usiofika saa moja, na meli ya Sultani, Glasgow, ikazama hapo hapo bandarini.

Ukiingia nyumba yoyote ya zamani pima chumba kwa hatua. Kirefu sana, chembamba sana, karibu mita 3 upana au pungufu. Boriti ni za mikandaa na hazifiki mbali zaidi ya hapo kwa uzito wa dari ya mawe na chokaa. Utakuta kipimo kile kile Kilwa. Mjenzi hakuchagua, mti ulimchagulia.

Mzee_Kaloleni (Arusha)

Nanga Zanzibar: wakati wa kaskazi upande wa Forodhani unapokea upepo na mawimbi moja kwa moja. Tieni kusini mwa Ras Shangani, na mbali na njia ya boti za abiria zinazoingia Malindi, bandari ya hapo hapo mjini. Nahodha ataripoti bandarini na kila mtu awe na kitambulisho cha NIDA mkononi. Kutoka bara kwenda Unguja kwa chombo cha tanga hakukuondolei ukaguzi.

Urefu wa kamba ya nanga nauona watu wanakosea siku zote, kwa sababu wanapima kina wanapofika. Mfano: umefika maji yamekupwa, bildi (kamba ya kupimia kina) inasoma mita 4. Bamvua itaongeza mita 3 na nusu. Omo iko mita 1 juu ya maji. Jumla 8 na nusu. Kwa mnyororo mtupu zidisha mara 5, ni mita 42 na nusu. Kwa kamba zidisha mara 7, ni kama mita 60. Aliyetoa mita 20 kwa sababu "kina ni 4" ataamka saa 9 usiku chombo kinatembea.

Kingine: maji hayapandi kwa kasi moja. Gawa tofauti ya maji kwa 12. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa mita 3.6 ni sentimita 30, 60, 90, 90, 60, 30. Ukipwelewa mwanzoni mwa maji kupwa una dakika chache za kusukuma. Ukisema "ngoja tumalize chai", saa inayofuata imeshaondoa mara mbili yake.

Kibo_Kwetu (Moshi)

Bagamoyo lini sasa? Mji Mkongwe tumefika mwezi 16.

Foromali (Moshi)

Hapa ndipo kila mtu hukosea. Zanzibar hadi Bagamoyo ni maili 24 tu, kwa hiyo watu hujiendea siku yoyote. Ufuko wa Bagamoyo ni bapa. Bamvua ikikupwa bahari inaondoka kabisa, na majahazi unayaona yamelala ubavu kwenye mchanga. Mwezi 20 bado kupwa kunaangukia mchana. Subirini mwezi 22: maji mafu, yanajaa karibu saa 4 asubuhi na hayaendi mbali hata yakikupwa. Ondokeni Shangani saa 11 alfajiri, mfike saa 4.

Tahadhari ya njiani: mnakwenda kusini-magharibi na kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, yaani iko mgongoni kabisa. Watu hudhani huo ndio mwendo rahisi. Kwa tanga la foromali ndio mbaya. Upepo ukilishika tanga upande wa pili ghafla, foromali nzima inapinduka juu ya vichwa. Mwambieni nahodha (kwa adabu, analijua kuliko nyie) msiende moja kwa moja. Chukueni upepo kwenye bega la nyuma, kisha katikati ya njia mgeuze mara moja kwa mpango: mabaharia wanalegeza demani, wanasimamisha foromali, wanaizungusha mbele ya mlingoti, wanafunga upande mwingine. Abiria wote wakae chini tezi wakati huo. Asiyefanya kazi asisimame.

Mzee_Kaloleni (Arusha)

Hapa sikubaliani na Foromali kidogo. Bagamoyo wakati wa kaskazi ni pwani inayopigwa na upepo. Mchana kaskazi ikikaza, chombo kilichotia nanga pale kinasukumwa kuelekea ufukoni. Mimi ningesema Bagamoyo ni ya kuendea kwa gari.

Foromali (Moshi)

Mzee, sawa kabisa kwa kulala. Mimi siwalazi chombo hapo. Wanafika saa 4 asubuhi, wanashuka na mizigo yao yote kwa mtumbwi, jahazi linang'oa nanga kabla ya saa 7 na kwenda zake. Safari yao ya majini inaishia pale. Kabla ya saa 7 upepo huwa bado wa kuvumilika. Ukiwa umekaza tangu alfajiri, wasiondoke Unguja siku hiyo. Utabiri wa bahari wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) usomwe jioni ya kuamkia.

Mzee_Kaloleni (Arusha)

Ukisema hivyo nakubali. Basi bei ipatanwe mapema, tena kwa maandishi, ikiwa na siku za chombo kurudi Tanga. Kurudi na kaskazi usoni ni siku nyingi za kubisha, na nahodha atazidai. Njia ya kukwepa ni kutafuta jahazi ambalo kwao ni Unguja, lililoleta mzigo Tanga na linarudi. Hilo linakwenda kwao tu.

Bi_Majengo (Moshi)

Bagamoyo mjini: Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la 1897, na misheni ya Roho Mtakatifu iliyoanza 1868. Mwili wa Livingstone, ulioletwa na watumishi wake akina Chuma na Susi, ulilazwa hapo Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Mji ulikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, kisha wakahamia Dar es Salaam. Simameni ufukoni maji yakitoka na sababu mtaiona wenyewe: meli kubwa haiwezi kusogea.

Kaole iko kilomita 5 kusini. Ndiyo mfano mwingine wa hayo hayo, wa zamani zaidi. Msikiti wake wa karne ya 13 ni kati ya ya kale kabisa bara, kuna makaburi yenye nguzo, na palikuwa bandari. Leo kati ya magofu na bahari pamejaa mikoko. Udongo ulijaza, vyombo vikashindwa kufika, watu wakasogea Bagamoyo. Tembeeni kwa mguu asubuhi kabla ya jua.

SakinaJuu (Arusha)

Maji ya kunywa na chakula?

Mzee_Kaloleni (Arusha)

Lita 4 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika. Nyie 8 na mabaharia 4 ni lita 48. Bebeni ya siku 3, madumu 8 ya lita 20, na msiyaweke yote upande mmoja. Mkipika kwa gesi, fungeni kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu: gesi ni nzito kuliko hewa, inashuka kwenye ngama na kulala huko ikisubiri kiberiti. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika haikai tumboni. Na lile koti la Machame mnaloliacha nyumbani mkienda pwani, libebeni. Alfajiri ya Pangani na nguo zilizolowa si mchezo.

MtuWaNjiro (Arusha)

Wakuu nimeandika upya. Mwezi 11 basi hadi Tanga. Mwezi 12 Tongoni kwa gari, Toten, kukagua chombo. Mwezi 13 Pangani. 14 mapumziko. 15 Kendwa. 16 Mji Mkongwe, hadi 21. Mwezi 22 Bagamoyo asubuhi, 23 Kaole na kurudi. Siku 13. Likizo naongeza 4, bosi nitamwambia ni mwezi.

Swali la mwisho, kutoka Bagamoyo lazima turudi Dar kupanda basi la Arusha?

Kibo_Kwetu (Moshi)

Hapana. Kuna lami Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, inaungana na barabara ya Chalinze kwenda Segera. Kateni tiketi mapema kwa simu, mwambieni kondakta mnapandia Msata, na mfike saa nzima kabla. Mabegi yenye maji ya chumvi yakaushwe Bagamoyo, buti la basi likipata harufu ya samaki mtalipishwa mzigo.

Foromali (Moshi)

Moja nimeisahau: mwezi ukiandama siku moja baadaye kuliko kalenda ya ukutani, ratiba yote isogee nayo. Tiketi ya basi la kwenda ikatwe baada ya mwezi kuonekana.